Winchi Chini ya Kitanda

Nianze na kitanda, maana ndicho kitu pekee cha maana tulichokuwa nacho mle ndani. Kilikuwa cha chuma, chenye springi, nami nilikinunua kabla sijaolewa, nilipokuwa nikipiga taipu katika ofisi moja ya Industrial Area na bado nikidhani cheti cha kidato cha nne kitanifikisha mahali. Tulilala juu yake sote wanne: mume wangu, mimi, kitoto kichanga upande wa ukuta, na binti yetu wa miaka mitatu miguuni. Chini yake iliishi winchi. Sisemi iliwekwa pale. Iliishi. Ilikuwa na uzito wa gunia la mahindi, ilinuka grisi, ilichafua kila shuka lililoning'inia, na nikifagia ilibidi niizunguke kama mgeni asiyejua kuaga.

Naandika haya miaka miwili baadaye na hasira haijaniisha. Kuna mtu aliniambia ningoje itulie ndipo niandike. Ningengoja hiyo, nisingeandika kabisa.

Mume wangu ni mchonga vinyago. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani na tezo mbili za kuchongea ndani ya kiondo, akaanza kuchonga twiga na vifaru vya kuuziwa watalii. Miti mizuri ya kule kwao ilikuwa imeanza kuadimika, basi yeye na wenzake wakageukia mjakaranda, kwa sababu mjakaranda umejaa mji mzima na huchongeka kwa urahisi ungali mbichi. Ila una kisirani chake. Ukikata tawi ukaliacha lianguke, linapasuka kwa ndani. Siku hiyo huoni kitu. Unakuja kuona wiki ya tatu, umeshachonga twiga mzima, umempiga msasa, na shingo inaachana na mwili mikononi mwako. Nimemwona mume wangu akitupa twiga wanne ukutani mmoja baada ya mwingine, kisha akakaa chini akashika kichwa.

Hapo ndipo alipopata wazo la mashine ya kuteremsha tawi polepole, jinsi unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Alikuwa ameona winchi kwenye lori la kuvuta magari mabovu. Akasema kama watu waliweza kuiunda, naye ataweza.

Na aliweza, hilo simnyimi. Alichukua dramu ya breki ya lori kwa wauza vyuma chakavu, ndiyo ikawa ya kuzungushia kamba. Gurudumu la meno alilitoa kwenye injini ya basi lililokufa. Fremu ilikuwa chuma cha kitanda cha mtu mwingine, hendeli ilikuwa bomba la maji. Fundi mmoja alimchomelea vyote pamoja. Kamba ilikuwa ya katani, nene kama kifundo cha mkono wangu. Mikanda ya kuifungia winchi kwenye shina alikwenda kuikatisha Kariokor, kwa wale wanaochana matairi kutengeneza viatu vya akala, kwa sababu raba ya tairi hung'ang'ania gome wala hailichubui. Kazi ilikwenda hivi: unafunga tawi kwa kamba, unaipitisha kamba juu kwenye kapi, kile kigurudumu cha chuma kinachoifanya iteleze, unaiteremsha hadi kwenye winchi, unazungusha hendeli hadi kamba ikaze. Kisha mtu aliye juu anakata. Tawi linaning'inia badala ya kuanguka, nawe unalishusha jino kwa jino.

Kinachozuia lile gurudumu lisirudi nyuma ni kipande kimoja cha chuma, kirefu kama kidole cha kati na kipana kama viwili. Tulikiita ulimi. Ulimi ukiwa umelala kati ya meno, unaweza kuachia hendeli ukafute jasho. Ukiinuliwa, uzito wote wa mti uko mikononi mwako.

Ulimi huo mume wangu aliutengeneza mwenyewe, na mimi ndiye niliyepepea moto. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa na mimba ya huyu wa pili, nimekaa kwenye kibao nyuma ya nyumba, napepea makaa kwa kipande cha kadibodi. Alikuwa anatengeneza bapa mbili mpya za tezo kwa chuma cha springi za gari, kama wachongaji wote wanavyofanya, akaona atumie moto huo huo kwa ulimi. Vyote vitatu vikawa vyekundu kama pilipili. Vyote vitatu akavitia kwenye debe la maji, vikalia. Zile bapa mbili akazirudisha motoni kidogo hadi zikashika rangi ya asali, kama kawaida yake, maana bapa ngumu kupita kiasi humeguka. Ulimi hakuurudisha. Alisema ulimi haukati kitu, basi ubaki na ugumu wake wote. Akaugonga kwa nyundo ukalia kama kengele ya shule.

"Sikia hiyo," akaniambia. "Huu hautainama maisha."

Na kweli haukuinama.

Mwaka mzima winchi ilifanya kazi. Walikuwa wakiitwa Makadara, wakiitwa Bahati, mahali popote mti ulipokuwa umeegemea paa la mtu, yeye na mdogo wake, ambaye ni mwepesi kupanda kama paka. Mwenye mti anafurahi paa limepona, wao wanaondoka na gogo zima lisilo na ufa. Mimi nilibaki nyumbani nikifua nepi na kuambiwa habari za winchi jioni. Mara nyingine nilikwenda nikawashikia kamba. Nilijifunza kuliko walivyodhani.

Kisha siku moja, mwezi Machi, shemeji yangu huyo akaja mbio mchana, mimi nikianika nguo. Niliona uso wake nikaketi palepale kwenye matope ya maji ya kufulia.

"Shemeji, yuko hai," akasema. "Ni mkono."

Ulimi ulikuwa umekatika. Tawi lilikuwa limeshafungwa, kamba imekaza, mume wangu ameachia hendeli apumue, na ulimi ukakatika pa, bila kuinama, bila kulia. Hendeli ikarudi kwa kasi ya propela ikampiga mkono wa kulia kati ya kiwiko na kifundo. Mifupa miwili, yote miwili. Mkono wa tezo.

Basi akarudi nyumbani na plasta hadi juu ya kiwiko, akalala akitazama ukuta. Shemeji akaileta winchi kwa mkokoteni, akaisukuma chini ya kitanda, chini ya mgongo wa yule iliyemvunja. Nilitaka kuitupa mtoni. Sikuweza kuibeba peke yangu.

Mvua ya masika ikaanza wiki iliyofuata.

Tuliishi mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti yenye vyumba sita vya mabati kwa safu moja. Mbele, karibu na lango, ilikuwepo nyumba ya mawe ya mwenye ploti, mzee mstaafu aliyekaa na mkewe na wajukuu watatu. Katikati, kati ya nyumba yake na safu yetu, ulisimama mjakaranda mkubwa, mzee kuliko nyumba zote zile. Shina lilikuwa moja hadi urefu wa bega langu, kisha liligawanyika mara mbili. Nusu moja ilikwenda juu karibu wima. Nusu ya pili ililala juu ya paa letu, kutoka chumba cha kwanza hadi cha nne. Chetu kilikuwa cha tatu.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa niliona maji yakitoka pale mti unapogawanyika, ya kahawia kama chai. Nikapanda juu ya jiwe nikatazama. Kulikuwa na ufa. Kiliingia kidole kimoja. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano viliingia vidole viwili. Ijumaa niliingiza mkono hadi vifundo, na upepo ulipovuma nikausikia ufa ukinibana vidole na kuachia, kama mdomo unaotafuna.

Nilimwendea mzee. Alikuwa barazani na redio yake.

"Mzee, mti unapasuka. Utatuangukia."

"Mti huo ulikuwepo kabla hujazaliwa, msichana wangu."

Nikamwomba aje atazame. Akaja na mwavuli, akatazama akiwa mbali, akasema ufa ni wa siku nyingi. Nikamwambia auingize mkono wake. Hakuutia. Akasema kama sipendi mti, Nairobi ina nyumba nyingi. Nikamwambia nina mtoto wa miezi minne na mume aliyevunjika. Akasema hayo ni ya Mungu.

Nilikwenda ofisi moja ya serikali, nikiwa na mtoto mgongoni. Karani akaniambia niandike barua. Nikaandika palepale kwenye kaunta yake, kwa Kiingereza safi, na koma zote. Akaisoma mara mbili, akaniuliza nilisomea wapi, kisha akasema mwenye ploti ndiye anayepaswa kuja. Nikarudi nyumbani kwa miguu chini ya manyunyu, nikimtukana kwa sauti, watu wakinipisha njia.

Kuhama? Tungehamia wapi? Chumba chenyewe tulikipata kwa taabu. Majirani wote walikuwa chini ya mti uleule. Mama wa chumba cha pili, msuka viondo pale Kariokor, aliniambia analala amevaa viatu. Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka kwa wakati mmoja.

Usiku huo niliiburura winchi kutoka chini ya kitanda, inchi kwa inchi, nikaiweka katikati ya chumba, na mahali pake nikawalaza watoto. Niliwaza springi zile zingebeba tawi kidogo, hata dakika moja. Binti yangu alifurahi, akadhani ni mchezo wa nyumba. Kwa siku nane watoto wangu walilala sakafuni chini ya kitanda kwenye harufu ya grisi, nami nililala juu yao macho wazi nikisikiliza mti. Mtu ambaye hajawahi kulaza watoto namna hiyo asiniambie nipunguze maneno.

Jumatatu ya pili nilimwendea mzee tena, na safari hii sikuomba. Nilimwambia tutaukata wenyewe. Akasema tukate tukitaka, lakini hata bati moja likipinda, tufungashe vyombo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo lile tawi halingeweza kuangushwa. Lilitakiwa kushushwa. Na kitu pekee nilichokijua cha kulishusha kilikuwa katikati ya chumba changu bila ulimi.

Nilimwomba shemeji vile vipande viwili vya ulimi. Alikuwa ameviweka mfukoni tangu ile siku, sijui kwa nini. Nikavipeleka mlangoni kwenye mwanga. Pale ulipokatika, ndani ulimetameta kama sukari guru iliyovunjwa. Nilikuwa nimeiona sura hiyo. Niliiona kila mara bapa ya tezo ilipomeguka kwa sababu mume wangu alikuwa na haraka na hakuirudisha motoni. Nikachukua tupa yake ya kunolea nikaipitisha kwenye kile kipande. Tupa ikateleza kama juu ya chupa. Haikushika hata chembe.

Nikakaa mlangoni na vile vipande pajani, na nilichohisi ni ghadhabu, siyo huruma. Mwanamume anajua bapa ngumu humeguka. Anajua tangu utotoni. Halafu kile kipande kinachobeba mti mzima, hicho ndicho anakiacha kigumu kama chupa, kwa sababu kinalia vizuri kikigongwa.

"Ulivunjika kwa sababu ulikuwa mgumu," nilimwambia mume wangu.

Aligeuka kutoka ukutani. "Wewe umesomea wapi mambo ya chuma?"

"Kwako. Nimekupepea moto miaka minne."

"Chuma laini kitainama, mama watoto. Kikiinama tawi litakuja na paa."

"Acha kiiname. Kikiinama nitakiona. Hiki kilikuvunja mkono bila hata kukuambia."

Shemeji alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Akasema, "Kaka, hapo amekuweza." Mume wangu akamwambia anyamaze, akageukia ukuta tena.

Basi nilifanya bila yeye. Nyuma ya nyumba, kati ya manyunyu na manyunyu, chini ya bati tuliloliegemeza. Shemeji alipasha kipande kipya cha springi, nami nikapepea. Kilipokuwa chekundu alikikunja kwa nyundo, akakata umbo kwa kufuata vile vipande viwili vya zamani. Kisha kikarudi motoni mara ya mwisho, na mikono ya shemeji yenyewe ikaelekea kwenye debe la maji, kwa mazoea tu. Nikalipiga debe teke. Maji yakamwagika hadi mlangoni kwa jirani.

"Kwenye jivu," nikasema.

Tukakizika kwenye karai la jivu la moto na kukifunika, tukakiacha kipoe chenyewe hadi kesho. Mama wa viondo alichungulia akauliza kama tunachoma viazi.

Asubuhi mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kibao, ulimi mpya ameubana kati ya magoti, tupa katika mkono wa kushoto. Aliipitisha mara moja. Tupa ikauma chuma, unga mweusi ukamdondokea kwenye suruali. Aliutazama ule unga.

"Laini," akasema.

"Najua."

"Utainama."

"Najua, baba."

Akapangusa suruali. Kisha akaniambia niuongeze unene kwa kufunga vipande viwili pamoja, kwa sababu mmoja hautatosha. Tukapika cha pili, tukavifunga pamoja. Hakusema nilikuwa sahihi. Sijalisikia neno hilo hadi leo.

Tulifanya kazi Jumamosi, jua lilipojitokeza. Wanawake wa ploti waliwatoa watoto wote wakawapeleka ng'ambo ya barabara, wangu wakiwemo. Winchi tuliifunga kwa mikanda ya tairi kwenye shina la mgrevilea karibu na ukuta wa mwisho. Shemeji alizungusha mnyororo pale penye ufa ili nusu mbili zisiachane ghafla, akapanda nusu ile ya wima, akafunga kapi juu, akavuka hadi kwenye tawi letu akafunga kamba. Matawi madogo aliyapunguza kwa panga, wanaume wa ploti wakiyapokea chini. Likabaki tawi lenyewe, nene kama tumbo la ng'ombe, limelala juu ya vyumba vinne. Nilitaka alikate vipande vipande. Mume wangu akasema kila pigo la msumeno linatikisa ufa, basi likatwe mara moja tu, kwenye shina. Nilijua pia kwamba alitaka gogo zima. Yote mawili yalikuwa kweli, na ndivyo alivyo.

Mimi nilikuwa kwenye hendeli. Hakuna aliyenipangia. Wanaume wa ploti hawakuijua ile mashine, na aliyeijua alikuwa na plasta. Mama wa viondo alikuwa kwenye ulimi. Kazi yake ilikuwa moja: nikisema inua, anainua, nikisema shusha, anashusha.

"Kama ningejua nitakuwa fundi ningevaa suruali," akasema. Akaushika ulimi kwa mikono miwili.

Mzee alisimama barazani kwake mikono nyuma akihesabu mabati kwa macho.

Nilizungusha hadi kamba ikaimba. Shemeji akaanza kukata. Msumeno ulikuwa haujafika nusu wakati mti ulipotoa sauti ambayo sijui niiandikeje, sauti kama ya mbao inayochanwa ndani ya tumbo la mtu. Ufa ulikuwa umemaliza kazi yenyewe. Mnyororo ukakatika. Shemeji aliruka akakumbatia nusu ya wima, na tawi lote likaja kwenye kamba kwa pigo moja. Winchi iliruka kwenye mikanda yake, raba za Kariokor zikanyooka kama kamba za manati. Hendeli ilinipiga kwenye viganja, lakini ilikwenda robo mzunguko tu, ikasimama.

Ulimi ulikuwa umeshika.

Tawi lilikuwa linaning'inia hewani, juu ya bati la chumba changu, umbali wa urefu wa kitabu kimoja. Lilikuwa likizunguka polepole.

Kisha nikaona. Ulimi ulikuwa unainama. Siyo haraka. Ulikuwa unajilaza upande, kama mtu anayesinzia kanisani.

"Unainama," nikasema.

"Achia." Ilikuwa sauti ya mume wangu, nyuma yangu. "Achia, mama watoto, kimbia. Acha liende."

"Nikiachia linakwenda wapi?"

Alijua. Lingekwenda kwenye kitanda.

Nilimwambia mama wa viondo ainue. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ulimi umebakiza nafasi kadhaa za kulala kabla haujaachia kabisa, na kila nafasi ni jino moja chini, na meno hayo ninayataka yote. Akainua. Uzito uliniingia mabegani hadi nikasikia nyonga zikilia. Maziwa yalianza kunitoka, yakalowesha blauzi mbele ya wanaume wote wale, wala sikujali. Nikarudisha hendeli kidogo. Shusha. Ulimi ukashika, ukainama zaidi. Wanaume wakalisukuma tawi kwa miti mirefu, likaondoka juu ya bati kuelekea uani. Inua. Shusha. Ulipofika mara ya sita ulikuwa umekunjika kama kidole kinachoita mtu.

Ndipo mkono wa kushoto ukaja ukashika hendeli karibu na wangu. Mume wangu alikuwa ameegemeza plasta yake kwenye shina na kushika kwa ule mzima. Jasho lake lilinidondokea shingoni. Mikono mitatu, jino kwa jino, hadi kamba ikalegea na nikajua kwamba ardhi imeshika uzito.

Hakuna bati lililopinda. Kamba ya kuanikia nguo ilikatika, na beseni langu moja likapondwa.

Nilikaa chini. Ngozi ya viganja ilikuwa imeondoka. Mume wangu alipiga magoti kando ya gogo, akaligonga kwa vifundo, akalaza sikio juu yake na kufumba macho. Akaligonga tena upande wa pili.

"Halijapasuka," akasema. "Zima kabisa."

Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu, nikingoja aiulize. Hapo ndipo nililia, na watu wakadhani ni furaha.

Usiku huo watoto walilala juu ya kitanda. Sikuirudisha winchi chini yake. Niliiacha nje kwenye mvua, mume wangu akaenda kuifunika gunia kwa mkono mmoja.

Mkono wake uliunga, lakini uliunga kombo. Anashika tezo, ila hawezi kuipiga kwa nusu saa bila kupumzika, na lile gogo zuri lilikaa uani miezi minane bila twiga hata mmoja kutoka ndani yake. Winchi ndiyo iliyotulisha. Mimi kwenye hendeli, shemeji juu, yeye akitoa amri. Mimi ndiye ninayepika ndimi sasa, na hakuna ulimi unaoingia kwenye winchi kabla sijaupitishia tupa. Tupa ikiteleza, unarudi motoni.

Lakini nilitaka kusema la mwisho kuhusu mti.

Siku ya nne baada ya kazi ile, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha tena. Nilisikia kikohozi mlangoni. Alikuwa mzee, amevua kofia. Ile nusu ya wima, iliyokuwa ikivutwa upande mmoja na mwenzake miaka yote hiyo, sasa haikuwa na wa kuivuta. Ilikuwa imeanza kulala upande wa pili, juu ya nyumba ya mawe. Alikuwa amepanda kwenye lile jiwe langu. Alikuwa ameingiza mkono kwenye ufa mpya.

"Mama," akasema. Hakuniita msichana wake. "Hiyo mashine yenu. Inaweza leo?"

Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto. Nilinyoosha mguu nikausukuma kuelekea kwake ule ulimi uliokunjika, uliokuwa sakafuni karibu na jiko. Nikamwambia huo umekwisha, lazima tupike mwingine, na chuma kikizikwa kwenye jivu hakiharakishwi. Jumamosi, nikasema. Siku tatu.

Aliutazama ule ulimi. Mikono yake ilikuwa inacheza na kofia.

"Na watoto?" akauliza. "Wale wajukuu. Niwalaze wapi siku hizo tatu?"

"Mzee, una kitanda cha chuma?"

Akasema anacho.

"Walaze chini yake," nikamwambia.